Ukuta Usiotunza Siri

Somo la achari ya maembe tulilowaahidi mwezi uliopita litasubiri kidogo. Limetangulia jambo jingine ambalo mwanzoni tulidhani si la ukurasa huu wa nyumba. Tulipolichunguza tukaona kwamba ni la nyumba hasa, ya kuishi na ya ibada.

Tulipata barua kutoka usharika mmoja ambao hatutautaja. Walioandika ni akina mama watatu wa kikundi cha maombi. Walisema kwamba kwao kuna mama mtu mzima, mjane, ambaye kwa miaka mingi amepewa kazi ya kuwasikiliza wanawake wenye mizigo: mwenye ugomvi na mumewe, mwenye binti aliyepata mimba akiwa shuleni, mwenye majibu ya hospitali ambayo hajui amwambie nani. Hukaa nao katika chumba kidogo kando ya ofisi ya mhazini. Mwaka jana dada mmoja alikwenda kwake akamweleza habari za mume wake. Haikupita wiki, habari zile zikawa zinazungumzwa kwenye mazoezi ya kwaya. Dada yule hakuhitaji kuuliza mara mbili. Siri ilikuwa ya watu wawili, na yeye hakuisema. Basi mama mshauri akaonekana mmbeya. Alikana, akalia, hakuaminiwa. Mwishowe akarudisha ufunguo wa chumba kwa wazee wa kanisa. Waliotuandikia walitaka kujua wamwombee namna gani mama mwenye ulimi wa jinsi hiyo.

Kabla ya kujibu tuliomba kukiona chumba. Tulimchukua fundi seremala mmoja tunayemwamini, tukaenda.

Zamani kilikuwa chumba kimoja kikubwa. Wazee wa kanisa walikigawa kwa kile ambacho mafundi wetu hukiita patisheni: fremu ya mbao nyembamba, plaiwudi ya milimita 6 upande huu na upande ule, ndani tupu. Ukuta huo haukufika darini. Uliachwa nafasi ya shibiri moja hivi ili hewa ipite. Mlango nao ni wa plaiwudi, na chini yake panya mnene angepita bila kuinama. Nje ya patisheni hiyo hiyo, likiwa limeegemezwa kabisa, lipo benchi la kungojea zamu.

Tukaketi kwenye benchi. Ndani mwinjilisti na fundi wetu walikuwa wanazungumza kwa sauti ya kawaida juu ya bei ya saruji. Tuliisikia bei. Tulisikia na punguzo ambalo fundi aliahidi kulipata kwa mtu anayemfahamu. Mama mmoja kati ya wale watatu alikuwa ameketi nasi, akainamisha kichwa, akasema polepole, "Siku ile nilikuwa nimeketi hapa hapa." Hatukumuuliza zaidi.

Sasa tueleze jambo lenyewe, maana ukuta wa namna hii upo mahali pengi: ofisi za sharika, zahanati, vyumba vya kupanga, mabweni, na hata nyumba nzuri zenye vigae sakafuni.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ikifika kwenye ukuta, ukuta hutetemeshwa nao, na ukuta ukitetemeka huitikisa hewa ya upande wa pili. Ngozi ya ngoma ni nyepesi, ndiyo maana hulia. Plaiwudi nyembamba ni ngozi ya ngoma iliyopigiliwa kwenye fremu. Ukuta mzito ni mvivu: sauti huusukuma nao haujali. Plaiwudi ile haifikii kilo 4 kwa mita moja ya mraba. Ukuta wa bloku uliopigwa lipu pande zote huwa na kilo mia mbili na zaidi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, yaani uzito. Ya pili ni kuziba, na kwa maoni yetu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Kipimo cha sauti ni desibeli. Neno hilo limetokana na jina la Alexander Graham Bell, yule wa simu, ambaye mama yake alikuwa na shida kubwa ya kusikia na mke wake alikuwa kiziwi. Desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Kila zinapopungua 10, nguvu ya sauti imegawanywa kwa kumi. Zikipungua 20, kwa mia. Zikipungua 30, kwa elfu. Sikio lenyewe huona tofauti ya 10 kama sauti imepungua nusu. Mazungumzo ya kawaida, ukiwa umbali wa mita moja na msemaji, ni kama desibeli 60. Tundu likichukua sehemu moja tu katika mia ya ukuta, basi hata ukuta huo ungejengwa kwa mawe ya ngome hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20. Huko usharikani nafasi ya juu ilichukua sehemu kama tano na nusu katika mia. Kwa hiyo waliojenga plaiwudi mbili wangeweza kujenga kumi, na benchi lingesikia vile vile.

Tulipima hivi, na yeyote anaweza kufanya kwake. Tulingoja jioni, watoto wa shule ya Jumapili wakiwa wamekwenda na ua umetulia. Tuliweka redio kwenye kiti cha mama mshauri, tukaitoa kwenye stesheni mpaka ikawa inavuma tu, shhh, bila maneno. Mvumo huo ni mzuri kwa kupimia kwa sababu haupandi wala haushuki kama mhubiri. Kisha kwa simu ya mkononi yenye programu ya kupima sauti tulitembea polepole katikati ya chumba, tukikaa mbali na kuta kama nusu mita, tukasoma wastani. Tukafanya hivyo hivyo upande wa benchi. Ndani tulisoma 82, nje 69. Toa, unapata 13. Simu si chombo cha maabara na tarakimu zake zaweza kukosea, lakini ukitumia simu ile ile pande zote mbili, kosa lake hujitoa lenyewe kwa sehemu kubwa, nawe unabaki na tofauti, ambayo ndiyo unayoitafuta. Angalizo moja: zima redio kwanza usome ukimya wa upande wa kupokea. Kama ukimya wenyewe uko karibu na ile namba uliyoisoma redio ikivuma, ongeza sauti ya redio au ngoja usiku, la sivyo utakuwa unapima kelele za barabarani.

Tofauti ya 13 maana yake sehemu moja katika ishirini ya nguvu ya sauti ilikuwa inavuka. Msemaji wa desibeli 60 alifika benchini akiwa na 47. Katika ofisi tulivu hayo ni maneno yanayosikika yote, pamoja na kwikwi.

Mhazini, mtu mwema mwenye kupenda kubana matumizi, alishauri tubandike trei za mayai. Tunajua kwamba wengi wenu mmeambiwa hivyo, hasa wenye vijana wanaorekodi nyimbo nyumbani. Tulikusanya trei arobaini tukazibandika upande wa ndani, tukawasha redio. Tofauti ilibaki 13. Trei ni nyepesi na ina matundu. Sauti huipita kama mbu apitavyo kwenye neti iliyochanika.

Lakini mhazini alisema, na ni kweli, kwamba chumba kilisikika kimetulia zaidi. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, kwa kuwa kuna mambo mawili tofauti: mwangwi ulioko ndani ya chumba na sauti inayopita ukutani. La kwanza lilichunguzwa kwa uvumilivu mkubwa na mwalimu mmoja wa Marekani, Wallace Sabine, wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 aliombwa atafute tiba ya ukumbi mpya wa mihadhara, ambamo neno moja likitamkwa lilikuwa linaendelea kusikika kwa sekunde tano na nusu, hata wasikilizaji wakawa hawaelewi lolote. Sabine alifanya kazi usiku, mji ukiwa umelala, akiwa na bomba la kinanda na saa, huku akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuirudisha kabla haijahitajika. Kila alipoongeza mito, mwangwi ulipungua. Mito, mapazia, kanga zilizotundikwa na watu wenyewe humeza mwangwi. Haviwezi kuwa ukuta.

Kwa ajili ya jambo la pili, la sauti kupita ukutani, Sabine alijengewa maabara kule Riverbank, katika mji wa Geneva, jimbo la Illinois, iliyokamilika mwaka 1918. Alifariki Januari 1919, na jamaa yake Paul Sabine akaishika kazi. Mwenye shamba la Riverbank, George Fabyan, alikuwa mtu wa mambo mengi. Ni katika shamba hilo hilo ambapo binti mmoja, Elizebeth Smith, aliajiriwa mwaka 1916 na akajifunza kufumbua maandishi ya siri, hata akawa miongoni mwa wafumbuzi mashuhuri wa nchi yake. Tumelitaja kwa sababu lilitufurahisha: mahali pamoja wengine wanafumbua siri, wengine wanapima namna ya kuzizuia.

Hadi leo namna ya kupima paneli katika maabara ni ile ile kwa asili yake. Kuna vyumba viwili vizito visivyogusana, na kati yao uwazi, mara nyingi wa mita 10 za mraba. Paneli inayopimwa hujengwa ndani ya uwazi huo na kuzibwa pembeni kabisa. Chumba kimoja huwekwa spika, na vipaza sauti huwekwa vyumba vyote viwili. Hupimwa sauti nene na nyembamba moja moja, tangu mitetemo 100 kwa sekunde hadi 3,150, kisha hutolewa hesabu kwa kuangalia pia ukubwa wa paneli na jinsi chumba cha kupokea kinavyomeza mwangwi. Mwishoni matokeo yote hufupishwa kuwa namba moja. Ulaya na nchi nyingi huiita Rw, Wamarekani wana ya kwao iitwayo STC. Ukuta wenye STC 25 hukuruhusu kufuata mazungumzo ya kawaida ya jirani. Ukifika 35, sauti kubwa husikika bali maneno hayashikiki. Ukifika 50 unamsahau jirani, ila kwa ngoma na besi, kwa maana sauti nene ndizo ngumu kuzuia.

Tunayasema haya kwa sababu siku hizi akina mama wengi wanajenga, na wauza paneli wanapita mlango kwa mlango. Zipo paneli za povu jeupe katikati, zenye mbao zilizobanwa au bati pande mbili, na zipo za povu lenye wavu wa nyaya zinazopigwa saruji pande zote. Nchini Kenya shirika la nyumba la taifa lina kiwanda cha hizi za pili huko Mavoko. Zina faida zake: zinajengwa haraka na zinazuia joto vizuri sana. Muuzaji atakwambia, "Mama, inazuia joto na sauti." La joto mkubalie. La sauti mwombe karatasi ya maabara yenye namba ya Rw au STC. Povu ni jepesi, tena limegandishwa kwenye nyuso zote mbili, hivyo uso mmoja ukitikisika unaupelekea mwenzake kama godoro la springi linavyomrusha anayelala upande wa pili. Paneli ya povu yenye mbao nyembamba huzuia sauti kidogo kuliko unene wake unavyoahidi. Ile ya saruji ina nafuu kwa sababu ya uzito. Na namba ya maabara ni ya paneli iliyozibwa vizuri. Ukishatoboa matundu ya swichi mgongo kwa mgongo na kuacha ufa juu, namba hiyo imebaki kwenye karatasi. Ndiyo maana Uingereza ukuta kati ya nyumba mbili mpya mara nyingi hupimwa nyumba ikiwa imekwisha kujengwa, na sheria inataka upunguze desibeli zisizopungua 45.

Turudi usharikani. Jambo la kwanza tulilolifanya halikugharimu hata senti: tulilihamisha benchi likawekwa nje, chini ya mwembe. Msiokuwa na fedha, fanyeni hilo leo.

Kisha fundi aliipandisha fremu. Hakuishia darini. Silingi bodi zetu ni nyepesi, na sauti hupanda upande mmoja, ikapita juu ya ukuta kati ya kenchi, ikashuka upande wa pili. Alikata dari, akaupandisha ukuta hadi kwenye bati na kuziba kila upenyo. Nyumba zetu nyingi zina ugonjwa huu: kuta za vyumba ni za bloku, imara, lakini zimeishia usawa wa dari, na wazazi wanashangaa mtoto amejuaje kwamba ada haijapatikana. Kama unajenga, mwambie fundi azipandishe kuta za vyumba vya kulala zifike juu. Bloku chache, na lipu pande zote mbili, kwani bloku lisilopigwa lipu lina vitundu vingi visivyoonekana.

Mlango uliongezewa ubao mzito. Mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli ulikatwa vipande vya urefu, ukapigiliwa kuzunguka fremu ili mlango ukifungwa uubane, na chini kukawekwa kizingiti cha mbao chenye mpira pia. Tukapima tena: 82 ndani, 60 nje. Tofauti 22.

Kazi kubwa ilikuwa ya mwisho. Upande wa ndani ulijengwa ukuta wa pili kwenye fremu yake yenyewe, ukiacha nafasi ya sentimita mbili na nusu kutoka ule wa zamani bila kupigiliwa nao mahali popote. Kuzidisha uzito wa ukuta mmoja mara mbili huongeza desibeli 5 au 6 tu, na gharama yake ni kubwa. Kuta mbili nyepesi zisizogusana huleta zaidi kwa fedha hizo hizo. Msumari mmoja mrefu ukiziunganisha unaharibu kazi, na fundi ilibidi tumkumbushe, maana mkono wa seremala unapenda kukaza. Kati ya mbao za fremu mpya tuliweka pamba ya mawe, inayouzwa na wenye maduka ya vifaa vya dari na vyumba vya baridi. Vaeni glovu na mfunike pua, inawasha. Juu yake zikaja bodi za jipsamu tabaka mbili, maungio ya tabaka la pili yasiangukie ya kwanza, na pembeni pote silikoni isiyokauka ikawa ngumu. Chumba kilipoteza sentimita kumi na tatu hivi. Ili watu wasikose hewa, dirisha la upande wa migomba liliongezwa upana.

Redio ilipowashwa tulisoma 82 na 48. Tofauti 34, yaani sehemu moja katika elfu mbili na mia tano. Mlango ndio uliotuzuia tusipate zaidi, nao ungeweza kuwekwa mwingine, lakini fedha ya Idara ya Wanawake ilikuwa imekwisha. Msemaji wa desibeli 60 sasa anafika nje akiwa na 26, chini ya mvumo wa majani ya mwembe.

Wale akina mama watatu walikwenda nyumbani kwa mama mshauri pamoja na wazee wawili wa kanisa. Hatukuwamo, wala hatutaandika tuliyosimuliwa. Aliupokea ufunguo kwa sharti moja, ajaribu mwenyewe. Akaketi mahali palipokuwa benchi, akamtuma mhazini aingie ndani aseme jambo lolote alilotaka, kwa sauti yake ya kawaida. Mhazini alisema kwa dakika nzima. Alipotoka, mama alimwuliza alikuwa anasema nini. Kisha akainama, akachungulia tundu la ufunguo, akaomba liwekewe kifuniko. Kimewekwa.

Dada wa ile habari ya mume hajarudi. Anasali usharika mwingine. Mama mshauri humfuata kwake Jumamosi, na huwa wanazungumza wakipalilia, kila mmoja kwenye tuta lake, shambani katikati.